Miraa: Jinsi wajuzi wa Eastleigh wanavyoonja na kupima ubora wa kitita

NI bidhaa chache mno katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ambazo bei yake hutegemea macho, vidole na ulimi wa mnunuzi kama miraa. Kahawa ya Kenya hupangwa kwa madaraja ya herufi, AA, AB, PB na mengineyo, kabla ya kufikishwa mnadani. Chai huonjwa na watu waliosomea kazi hiyo kabla ya kupigwa mnada mjini Mombasa. Hata sigara kubwa za Cuba zinazosokotwa kwa mkono zina majarida yake ya kuzipa alama. Cigar Aficionado la Marekani, lililoanza kuchapishwa mwaka wa 1992, huzipima kwa alama 100.

Miraa haina mnada wala maabara ya kuipima sokoni. Hata hivyo, atakayesimama mbele ya vibanda vya Eastleigh wakati wa alasiri ataona upimaji ukifanyika kwa umakini usiopungua ule wa mwonja chai. Mnunuzi hufungua jani la mgomba, akachomoa kijiti kimoja, akakikunja, akakinusa, akabandua gome kwa meno na kutafuna polepole kabla ya kutoa pesa. Katika dakika hizo chache huamuliwa kama kitita ni cha daraja la kwanza au ni mabaki ya jana.

Makala haya yanaeleza jinsi upimaji huo unavyofanyika, maana ya majina yanayotumiwa na wachuuzi, na kwa nini suala la daraja lina uzito kwa mlaji wa Nairobi na pia kwa mkulima aliye mbali katika milima ya Nyambene.

MMEA WENYEWE

Miraa ni machipukizi ya mti ambao wanasayansi huuita Catha edulis. Jina hilo lilitokana na kazi ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyefariki nchini Yemen mwaka wa 1763 akiwa katika msafara uliogharamiwa na mfalme wa Denmark. Maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1775 na mwenzake, Carsten Niebuhr, aliyenusurika katika msafara huo.

Mti huu hustawi katika nyanda za juu za Ethiopia, Yemen na Kenya. Waarabu huuita qat, Wasomali huuita jaad, nchini Ethiopia hujulikana kama chat, na Watanzania huuita mirungi. Vijana wa Eastlands wana majina yao: veve, jaba na gomba. Hilo la mwisho limetokana na majani ya mgomba yanayotumiwa kuifungia.

Nguvu ya miraa hutokana na kemikali mbili. Ya kwanza ni kathini, iliyotambuliwa mwaka wa 1930. Ya pili ni kathinoni, iliyogunduliwa mwaka wa 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Kathinoni ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo hupatikana kwa wingi katika machipukizi machanga yaliyotoka kukatwa. Kijiti kinaponyauka, kathinoni hugeuka na kuwa kemikali nyingine zilizo dhaifu. Baada ya siku mbili au tatu, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huwa imetoweka.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kanuni zote za kupima miraa. Mvinyo na tumbaku ya sigara huongezeka thamani kadiri zinavyohifadhiwa, lakini miraa huanza kupoteza thamani mara tu inapotengana na mti. Saa ndiyo hakimu wa kwanza, na ulimi huja baadaye.

KUTOKA NYAMBENE HADI EASTLEIGH

Sehemu kubwa ya miraa inayotafunwa Nairobi hutoka Igembe na Tigania katika Kaunti ya Meru, kwenye safu ya milima ya Nyambene. Miji kama Maua, Laare, Mutuati na Kangeta imejengeka kutokana na biashara hii. Wachumaji hupanda mitini alfajiri na kukata machipukizi kwa mkono, kimoja kimoja, wakichagua yaliyofikia kimo kinachotakiwa.

Baada ya kuchumwa, vijiti hupangwa kwa urefu na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Kitita kidogo huitwa surba. Surba kumi zikifungwa pamoja huitwa kilo. Msomaji asiyeijua biashara hii atahadhari: kilo ya miraa ni hesabu ya vitita na haina uhusiano na uzani. Inaweza kuwa nzito au nyepesi kuliko kilogramu moja, kutegemea aina ya miraa na mkono wa mfungaji. Kilo kadhaa zikikusanywa pamoja huwa bunda, na bunda hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba ili unyevu usipotee.

Kutoka Maua hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 250. Magari ya pikapu yanayobeba mzigo huu yamepata sifa, na lawama pia, kwa mwendo wake wa kasi. Haraka hiyo ina sababu yake, kwa kuwa kila saa inayopotea barabarani hupunguza bei ya shehena. Magari hayo yanapofika Eastleigh, mzigo hugawanywa. Sehemu moja hupelekwa uwanja wa ndege kwa safari za Somalia, na nyingine husambazwa kwa wachuuzi wa rejareja katika mitaa kama Majengo, Huruma, Kariobangi, Umoja, Buruburu na Kayole.

Eastleigh ilipata nafasi hiyo kutokana na historia yake. Mtaa huo umekuwa makao ya Wasomali tangu enzi ya ukoloni, na idadi yao iliongezeka sana baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka wa 1991. Wafanyabiashara wa Kimeru walileta mali. Wasomali, wakiwemo wanawake wengi waliobobea katika uuzaji wa rejareja, walileta soko na mtandao wa ng'ambo. Mnunuzi wa Eastleigh kwa hiyo huhudumiwa kwa Kiswahili, Kisomali au Kimeru, na kila lugha imeacha maneno yake sokoni.

MAJINA YA MADARAJA

Kibanda cha miraa hutambulika kwa urahisi: majani ya mgomba yaliyotundikwa mbele yake ni tangazo tosha kwamba mzigo umefika. Ugumu huanza mchuuzi anapotaja majina ya aina alizo nazo. Majina hayo hutumiwa kwa namna zinazotofautiana kidogo kati ya mchuuzi mmoja na mwingine, lakini yafuatayo husikika sana.

Kangeta: Hii ndiyo miraa ya kawaida ya watu wa Nairobi. Jina lake ni la soko lililo Igembe. Vijiti vyake ni virefu, na sehemu ya chini huwa ngumu. Mlaji hutafuna gome lililobanduliwa pamoja na ncha laini ya juu, kisha hutupa kijiti.

Giza au kisa: Vijiti vyake ni vifupi na laini, na sehemu kubwa inaweza kutafunwa bila kuachwa mabaki mengi. Huhesabiwa miongoni mwa madaraja ya juu na kwa muda mrefu imekuwa na wateja wengi katika soko la nje.

Alele: Nayo hupatikana sana katika shehena za Somalia. Kwa kawaida huwekwa chini ya kisa kwa bei.

Mbaine: Hili si jina la ukubwa wa kijiti. Ni jina la umri wa mti. Mbaine ni miti mikongwe, mingine ikiaminiwa kuwa imeishi zaidi ya karne moja. Wazee wa Kimeru huithamini kuliko miraa ya miti michanga, wakisema kuwa ladha yake imetulia. Miraa bora ya aina hii ndiyo inayofaa kwa ncoolo, kitita cha heshima kinachopelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa.

Muguka: Hii hukuzwa hasa Mbeere katika Kaunti ya Embu. Haitafunwi kwa kubanduliwa gome. Huliwa majani yake machanga. Ni rahisi kwa bei, na nguvu yake huhisiwa haraka. Ndiyo sababu imeenea sana miongoni mwa wahudumu wa matatu, waendeshaji bodaboda na walinzi wa usiku katika mitaa ya Eastlands. Wajuzi wa miraa ya Meru huipima kando, kwa kuwa vigezo vyake ni tofauti.

Zaidi ya majina hayo, wapo wanaogawa miraa kwa rangi: nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni ile yenye machipukizi ya zambarau iliyokolea. Nyeupe ni ile yenye rangi ya kijani isiyokolea. Wengi huipendelea nyekundu na kuilipia zaidi. Mgawanyo wa namna hiyo hupatikana hata Ethiopia, katika soko maarufu la Awaday karibu na mji wa Harar.

HATUA TANO ZA KUONJA

Upimaji wa mjuzi hufuata utaratibu, hata kama mwenyewe hajauandika popote. Unaweza kugawanywa katika hatua tano.

Kwanza ni kutazama. Jani la mgomba lenyewe ni shahidi. Likiwa bichi na lenye unyevu, huenda mzigo ni wa siku hiyo. Likiwa limekauka kingo au limegeuka rangi ya kahawia, mnunuzi huanza kushuku. Kisha hutazamwa ncha za vijiti. Ncha nzuri hung'aa kana kwamba zimepakwa mafuta, na majani yake madogo husimama wima. Majani yaliyolegea, yaliyojikunja au yenye madoa meusi ni dalili ya kunyauka.

Pili ni kugusa. Kijiti kipya kikikunjwa karibu na ncha hukatika kwa mlio mwepesi. Kilichochakaa hupinda bila kukatika. Mnunuzi hukwaruza gome kwa ukucha: likibanduka kwa utepe mrefu wenye majimaji, kijiti ni kichanga. Likitoka vipande vipande, kimekomaa au kimekauka. Umbali kati ya jani moja na jingine hutazamwa pia, kwa kuwa kijiti chenye majani yaliyokaribiana huwa laini zaidi.

Tatu ni kunusa. Miraa mpya ina harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Harufu ya uchachu huonyesha kuwa kitita kilifungwa kikiwa na maji mengi au kimekaa sana. Harufu kali ya dawa ya kuulia wadudu ni sababu tosha ya kukirudisha kitita hicho.

Nne ni kutafuna. Ladha ya kwanza ni uchungu, na hiyo haina budi. Tofauti kati ya miraa nzuri na mbaya hutambulika baada ya nusu dakika hivi. Katika miraa nzuri uchungu hupungua na utamu hafifu hujitokeza pembeni mwa ulimi. Mtu akinywa maji wakati huo huyaona kama yametiwa sukari kidogo. Katika miraa mbaya uchungu huzidi, na ukakasi hukausha mdomo mithili ya ndizi mbichi. Mjuzi huonja bila kutia kitu kingine mdomoni. Njugu, peremende, soda na ubani vinavyouzwa kandokando ya vibanda ni vya kulainisha ladha baada ya kununua. Mchuuzi anayemshika mteja mkono na kumpa ubani kabla ya kuonja huenda anaficha jambo.

Tano ni kusubiri. Hatua hii haiwezi kukamilika dukani. Kiwango cha kathinoni katika damu hufikia kilele kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu tangu mtu aanze kutafuna. Kwa hiyo hukumu ya mwisho hutolewa na mteja akiwa kwake au barazani na wenzake. Wasomali huiita hali hiyo ya uchangamfu mirqaan. Vijana wa Nairobi huiita handas. Miraa inayosifiwa ni ile inayoleta uchangamfu wa taratibu na mazungumzo yanayotiririka. Inayomfanya mtu atetemeke, moyo umwende mbio na akose usingizi hadi asubuhi haihesabiwi kuwa nzuri, hata kama nguvu yake ni nyingi.

Ikumbukwe kwamba njia za kula hutofautiana. Nchini Yemen majani hutafunwa baada ya chakula cha mchana na kulimbikizwa shavuni kwa saa kadhaa. Nchini Kenya kinachotafutwa zaidi katika miraa ya Meru ni gome la kijiti na ncha yake. Ndiyo maana mlaji wa Yemen hulisifu jani, ilhali mlaji wa Eastleigh hulisifu gome.

KUTOA ALAMA

Hakuna jedwali rasmi la alama linalotumiwa katika vibanda vya Nairobi. Lakini vigezo vilivyotajwa vikipangwa kwa kufuata mfano wa waonjaji wa kahawa, mnunuzi anaweza kulinganisha kitita na kitita bila kubahatisha. Mpangilio huu wa alama 100 unatosha:

Upya: alama 30. Kigezo hiki hupewa uzito mkubwa kwa sababu bila upya vingine vyote havina maana.

Ladha: alama 25. Hapa hupimwa kupungua kwa uchungu na kujitokeza kwa utamu.

Ulaini: alama 20. Hupimwa sehemu ya kijiti inayoweza kutafunwa ikilinganishwa na inayotupwa.

Rangi na sura: alama 15. Hupimwa mng'ao, rangi na usawa wa vijiti.

Ufungaji: alama 10. Hupimwa hali ya jani la mgomba, unyevu, na kama vijiti vya ndani vinafanana na vya nje.

Tuseme surba ya kangeta iliyofika alasiri hiyohiyo imepewa 26 kwa upya, 20 kwa ladha, 13 kwa ulaini, 12 kwa sura na 7 kwa ufungaji. Jumla ni 78. Hiyo ni miraa nzuri ya kawaida. Kitita cha kisa chenye ladha bora kinaweza kupita 85 kikiwa kipya, lakini kikilala usiku mmoja kikiwa wazi kitashuka chini ya ile kangeta. Jina kubwa halikiokoi kitita kilichonyauka.

Majira nayo huathiri alama. Wakati wa mvua machipukizi huwa mengi, yenye maji mengi na ladha iliyopooza, na bei hushuka. Wakati wa kiangazi machipukizi huwa haba, na ni wakulima wenye maji ya kunyunyizia tu wanaoendelea kuvuna kwa wingi. Bei hupanda, na vishawishi vya udanganyifu huongezeka.

HILA ZA SOKONI

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya miraa, kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa nguo za chema.

Hila ya kawaida ni kuzungushia vijiti vizuri nje ya surba na kuficha vibovu katikati. Dawa yake ni kuchomoa kijiti cha kati wala si cha pembeni. Hila ya pili ni kunyunyizia maji miraa ya jana ili ionekane mbichi. Maji hayo hukaa juu ya jani, lakini gome halirudishi ulaini wake, na kipimo cha ukucha hufichua ukweli. Hila ya tatu ni kupukuta majani yaliyonyauka na kuacha vijiti vitupu. Kijiti kisicho na jani hata moja la kushuhudia umri wake kiogopwe. Hila ya nne ni kubadilisha jina, ambapo kangeta iliyokatwa fupi huuzwa kwa bei ya kisa. Hapa mnunuzi hutazama unene wa kitako cha kijiti. Kisa halisi ni nyembamba hata chini.

DARAJA NA BEI YA MKULIMA

Mlaji akikosea kupima hupoteza pesa za siku moja. Mkulima akipimiwa vibaya hupoteza karo ya mtoto. Mwenye kutamka daraja shambani mara nyingi ni dalali, naye ndiye anayenunua. Kitita kile kile kinaweza kuitwa cha daraja la pili kikiwa Maua na kikawa cha daraja la kwanza kikifika Eastleigh.

Udhaifu huo ulijitokeza wazi masoko ya nje yalipoanza kufungwa. Uholanzi iliipiga marufuku miraa mwaka wa 2013. Uingereza ilifuata mnamo Juni 24, 2014, ingawa baraza la kuishauri serikali hiyo kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku. Miraa ya daraja la juu iliyokuwa ikipelekwa London ilielekezwa Somalia na katika soko la ndani. Mnamo Machi 2020 Somalia nayo ilizuia ndege za miraa wakati wa janga la Covid-19, na zuio hilo liliendelea hadi Julai 2022 kutokana na mzozo wa kidiplomasia. Katika kipindi hicho walaji wa Nairobi walifaidi miraa nzuri kwa bei nafuu, huku familia za Igembe zikihesabu hasara.

Serikali ya Kenya ilirekebisha Sheria ya Mimea mwaka wa 2016 na kuitambua miraa kuwa zao lililo chini ya sheria hiyo. Kanuni za zao la miraa zilitungwa mwaka wa 2023, na usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula. Lakini kanuni haziwezi kumlinda mkulima kikamilifu iwapo madaraja hayana maana moja kwa wote. Kilogramu ya mizani na kilo ya surba kumi ni vitu viwili tofauti, na anayezichanganya kwa makusudi hufanya hivyo kwa faida yake.

Muguka nayo imepitia misukosuko. Mnamo Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuizuia zikitaja madhara kwa vijana. Serikali ya kitaifa ilipinga hatua hiyo kwa hoja kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri za kusimamisha marufuku hayo. Nje ya mipaka, msafiri asisahau kuwa miraa ni haramu kisheria katika nchi nyingi, ikiwemo jirani Tanzania.

AFYA YA MTAFUNAJI

Shirika la Afya Duniani lilichunguza miraa mwaka wa 2006 na halikupendekeza mmea huo uwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Hilo halina maana kwamba hauna madhara. Kathinoni huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Watafunaji wengi hukosa usingizi, hupoteza hamu ya kula na kufunga choo. Wapo wanaopata vidonda vya mdomo na meno kuharibika, hasa wanapotafuna pamoja na peremende na soda. Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au matatizo ya akili, pamoja na kina mama wajawazito, hushauriwa kujiepusha kabisa.

NACADA, mamlaka inayoendesha kampeni dhidi ya matumizi ya dawa za kulevya nchini, imekuwa ikionya kuhusu uraibu. Katika mitaa ya Eastlands madhara hayo huonekana kwanza mfukoni: ujira wa siku unaoishia kibandani, na saa za kazi zinazoishia barazani. Dereva anayetafuna ili ashinde usingizi hakumbuki kwamba usingizi haushindwi. Huahirishwa tu, na unaweza kurudi ghafla akiwa kwenye usukani.

Kwa anayeamua kutafuna, ujuzi wa kupima una faida ya kiafya pia. Vijiti vioshwe kwa maji safi, kwa kuwa dawa za wadudu hunyunyizwa katika baadhi ya mashamba. Kitita chenye ukungu au uchachu kitupwe. Maji yanywewe kwa wingi, na chakula kiliwe kabla. Wajuzi wakongwe hununua surba moja iliyo bora kuliko kununua kilo nzima ya daraja la chini, nao huacha kutafuna mapema jioni ili wapate kulala.

Ujuzi huu wa macho, vidole na ulimi umerithishwa kwa miaka mingi bila shule wala cheti. Iwapo madaraja yatawahi kuandikwa na kukubaliwa na mkulima, dalali na mchuuzi, waandishi wake hawatahitaji kwenda mbali kutafuta vigezo. Vimekuwa vikitumiwa kila alasiri mbele ya vibanda vya Eastleigh.